Haidrojeni haijui mazoea yako

(Hotuba niliyoitoa jijini Dar es Salaam kwa mafundi, madereva na wasimamizi wa viwanda, katika wiki ya Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Waliokuwa zamu siku ile wameniomba maandishi. Naiweka yote kama ilivyosemwa, isipokuwa picha za ukutani.)

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva, dada zetu wa maabara, na nyinyi vijana wa mafunzo mliojazana huko nyuma: habari za asubuhi?

Tuanze kwa mikono. Nani hapa amewahi kujaza mtungi wa gesi ya kupikia? Naam. Nani amechomelea kwa oksijeni na asetilini? Karibu ukumbi mzima. Haya, nani amewahi kujaza haidrojeni? Naona mikono ya kuhesabika, na mmoja ule pale sijui kama unajibu au mwenyewe anajikuna kichwa.

Basi leo nasema na ile mikono mingi, si hii michache. Kwa nini? Kwa sababu siku kiwanda chenu kitakapoleta haidrojeni, mwenye kiwanda hatatafuta mtu mpya. Atasema, "Si tunaye fundi wa gesi?" Fundi wa gesi ni wewe. Utapewa funguo za banda na spana, utaingia mle na kila ulichojifunza kwenye gesi nyingine. Na mengi uliyojifunza kule, huku yatakudanganya. Wazee walisema mazoea yana taabu, na sijaona mahali msemo huo unapokaa vizuri kama kwenye banda la mitungi.

Msidhani nazungumzia mambo ya Ulaya. Kiwanda cha vioo vya madirisha humimina kioo cha moto juu ya bati lililoyeyuka, na haidrojeni ndiyo inayosaidia bati lile lisiungane na oksijeni. Mafuta ya mimea hugandishwa kuwa siagi ya kupaka mkate kwa haidrojeni. Vituo vingi vya hali ya hewa hurusha maputo yaliyojazwa haidrojeni. Maabara zinaitumia, na jenereta kubwa za umeme hupozwa nayo. Majirani zetu Kenya walizindua mkakati wao wa haidrojeni Septemba 2023. Kwa hiyo inakuja, na kwa baadhi yenu imeshafika.

Nianze na pua.

Gesi ya kupikia ikivuja unasikia harufu. Harufu ile si yake, imetiwa makusudi ili tusife. Haidrojeni ya mitungi ya viwandani haitiwi harufu, maana harufu yenyewe ni uchafu; ingeharibu kioo, ingeharibu vipimo vya maabara. Banda linaweza kujaa, wewe umesimama ndani unapiga soga, pua haina habari.

Sasa niambieni: gesi ya kupikia ikivuja huenda wapi? (Ukumbi: "Chini!") Chini. Ni nzito kuliko hewa. Inatambaa sakafuni, inaingia mtaroni, inakwenda kutafuta jiko la jirani. Mnakumbuka Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024? Kituo cha kujazia gesi ya kupikia kilikuwa katikati ya nyumba za watu, na mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema maombi ya eneo lile ilishayakataa. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Usijaze gesi penye makazi: hilo halibadiliki, iwe gesi gani. Ila mwendo wa gesi yenyewe unageuka juu chini. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14. Ikivuja inapaa. Uwanjani penye upepo hiyo ni bahati yako, inapanda na kupotea. Ndani ya banda ni balaa, kwa sababu inakwenda kukaa chini ya paa na kukusubiri.

Niliwahi kuitwa kukagua banda, la nani si hoja. Mwenyewe alinipokea kwa fahari. Matundu ya hewa mstari mzima, yana wavu safi wa chuma, usawa wa kifundo cha mguu. Kitambuzi cha gesi kipya, cha bei, kimefungwa usawa wa goti. Na juu? Juu alikuwa amepigilia dari ya jipsamu ili vijana wasichomwe na joto la mabati. Nikamuuliza, fundi aliyekujengea umemtoa wapi? Akasema, ndiye aliyenijengea ghala la gesi ya kupikia, mzoefu sana huyo. Nikamwamini kabisa. Kila alichokifanya kilikuwa sahihi, kwa gesi nyingine.

Banda la haidrojeni linataka kinyume chake. Paa lenye mgongo ulio wazi, hakuna dari, hakuna kona ya juu ambamo gesi itajificha, kitambuzi kiwe kileleni, na taa ziwe za aina isiyotoa cheche. Na kama unaweza kuacha kujenga kuta, acha. Kivuli na uzio vinatosha.

Macho nayo hayana msaada. Moto wa haidrojeni una rangi ya buluu hafifu sana, na jua la mchana linaufuta kabisa. Tena haukuchomi kwa mbali kama moto wa petroli, kwa hiyo hata ngozi haikuonyi mapema. Mtu anaweza kutembea kwa miguu yake akaingia ndani ya ndimi za moto asizoziona. Kitu pekee unachoweza kubahatika kupata ni mlio, ile filimbi ya gesi inayotoka kwenye tundu dogo kwa presha kubwa.

Mnajua watu wa roketi kule Marekani, NASA, walifanyaje zamani, kabla ya kamera za kisasa? Walitembea wakitanguliza ufagio. Ndiyo, ufagio huu wa kufagilia! Ukishika moto mbele yako hewani pasipo kitu, ujue umefika. Mnacheka, lakini mimi kila ninapopita kwenye banda la haidrojeni nauliza: ufagio wenu wa chelewa uko wapi? Mkavu, mpini mrefu, umetundikwa nje ya mlango, na mtu wa usafi akatazwe kuugusa. Kamera ya joto ikiwepo ni vizuri zaidi. Ila ufagio hauishiwi betri.

Na mikono je? Mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 15 unaunyanyua, unautikisa, unasema "huu umekwisha". Mtungi wa haidrojeni wa lita 50 ni chuma cha kilo 60 hivi, na gesi iliyomo kwa presha ya baa 200 haifiki hata kilo moja. Umejaa au mtupu, mgongo wako hautajua tofauti. Lakini hiyo isiyofika kilo moja ina nishati ya karibu lita 3 za petroli, imefungiwa kwa presha mara 200 ya hewa tunayovuta humu. Pua, macho, mikono, vyote vimekaa kimya. Unabaki na geji, lebo, mihuri iliyogongwa kwenye bega la mtungi, na taratibu. Usipovisoma hivyo, huna kingine cha kusoma.

Sasa twende kwenye kujaza, maana hapa ndipo nataka tukae.

Ndugu zangu, swali la kwanza la mjazaji si "nitie kiasi gani?" Swali la kwanza ni "mle ndani kuna nini sasa hivi?" Mei 23, 2019, katika mji wa Gangneung, Korea Kusini, matangi ya haidrojeni yalilipuka kwenye kituo cha utafiti. Watu wawili wakafa, sita wakajeruhiwa. Haidrojeni ile ilikuwa ikitengenezwa kwa kupasua maji kwa umeme, na ukipasua maji unapata vitu viwili: haidrojeni na oksijeni. Oksijeni ilipenya upande wa haidrojeni, ikajikusanya ndani ya tangi kupita kiwango. Tangi halikupasuka kwa kujazwa mno. Lilipasuka kwa kilichokuwamo.

Nyinyi hampasui maji. Nyinyi mnapokea mitungi mitupu kutoka kwa wateja. Haya, mtungi mtupu una nini ndani? (Mtu mmoja: "Hakuna kitu.") Hapana, kaka. Mteja ametumia gesi mpaka tone la mwisho, akaacha vali wazi, mtungi umelala nyuma ya karakana wiki mbili. Umejaa hewa. Na hewa ina oksijeni. Sasa wewe unafungulia haidrojeni. Haidrojeni huwaka ikiwa ni asilimia 4 ya hewa, na huendelea kuwaka mpaka ifike asilimia 75. Gesi ya kupikia mwisho wake ni kama asilimia 10. Ikizidi hapo hewa haiitoshi, haiwaki. Kwa hiyo mtungi uliojaa hewa, katika dakika za mwanzo za kujaza, unapita kwenye hatari yote, kuanzia 4 hadi 75, ukiwa umeunganishwa na kompresa yako na wewe umesimama kando. Ukifika baa 200 hewa ile ni kidogo sana, haina neno. Hatari iko mwanzoni, wakati fundi anaona kazi haijaanza bado na anatafuta simu yake mfukoni.

Ndiyo maana mteja anaambiwa arudishe mtungi ukiwa na presha kidogo ndani, na vali imefungwa. Presha ile iliyobaki ni shahidi kwamba hakuna kilichoingia. Mtungi ukija hauna presha kabisa, huo haujazwi siku hiyo. Unatengwa, unakaguliwa, unavutwa hewa yote kwa pampu ya vakyumu, unasafishwa kwa naitrojeni, unapimwa oksijeni, ndipo urudi kwenye foleni. Na mabomba ya kujazia nayo, kila yakifunguliwa, yasafishwe kwa naitrojeni vilevile. Mteja atapiga kelele kwamba unamchelewesha. Mwache apige kelele.

Kuna jambo linaniudhi, nalisema wazi. Nati za vyombo vya gesi zinazowaka hufungwa kinyume, mkono wa kushoto, na pembe za nati zimekatwa kialama kidogo ukiangalia kwa karibu. Kile kialama usidhani ni pambo. Waliobuni mfumo ule walijua kuna siku utakuwa umechoka, saa tisa alasiri, taa hafifu, na utachukua mpira wa oksijeni kuufunga kwenye haidrojeni. Nati ikatae kwa niaba yako. Sasa nimeona nini kwenye karakana moja? Adapta. Kipande cha shaba kilichochongwa kwa lathe, upande mmoja uzi wa kulia, upande mwingine uzi wa kushoto, kimeng'arishwa kikapendeza. Kijana aliyekichonga ana kipaji, hilo sipingi. Lakini amechonga mlango wa kupitisha oksijeni ndani ya mtungi wa haidrojeni. Ukikiona kitu kama hicho kwenye karakana yenu, msikiweke kabatini. Kikatwe vipande viwili siku hiyohiyo.

Chuma. Watu hudhani chuma ni chuma. Chembe za haidrojeni ni ndogo kiasi kwamba zinaingia ndani ya chuma chenyewe, na kuna aina za chuma ambazo zikikaa nayo zinakuwa dhaifu, zinapasuka pasipo kupinda kwanza. Chuma kigumu sana ndicho huathirika zaidi. Kila ukijaza na kumaliza, ufa ulioko ndani unasogea kidogo. Nje rangi inang'aa. Kwa hiyo mtungi uliozaliwa kwa gesi nyingine haugeuzwi kuwa wa haidrojeni kwa kopo la rangi nyekundu! Tafuteni begani mwa mtungi: presha ya kazi, presha ya majaribio, tarehe ya mara ya mwisho kupimwa, na kwenye mitungi ya viwango vya kimataifa, herufi H inayoonyesha chuma chake kinavumilia haidrojeni. Rangi hupakwa na yeyote. Mihuri ile imegongwa kwenye chuma, na lebo ndiyo jina la mtungi. Ukikuta mihuri imesagwa kwa grenda, wala usibishane na aliyeuleta. Na mtungi wenye alama ya kuguswa na moto wa kuchomelea, hata nukta moja ya umeme wa weldi, unatoka kazini.

Joto nalo. Kila mtu hapa amewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kupiga pampu kwa nguvu. Inachoma. Mtungi unaojazwa haraka ni hivyohivyo. Geji inaonyesha baa 200, mtungi ukipoa inashuka. Na baa 200 iliyoandikwa kwenye mtungi maana yake ni kwenye digrii 15. Dar es Salaam yenye digrii 35, mtungi uleule uliojaa kihalali unasoma kama 214. Sasa chukua fundi aliyezoea kuona 214 hapa Dar, mpeleke Makete asubuhi ya digrii 10, naye ajaze mpaka aione 214 yake. Mitungi ile ikishushwa Dar itasoma kama 233. Haikuongezwa kitu njiani. Ndiyo maana ukutani pawe na jedwali la joto na presha, na fundi ajaze kwa jedwali, polepole, asijaze kwa kumbukumbu.

Nisije nikaonekana mtu wa kukataa kila kitu. Kuna zoea moja zuri la zamani, na hilo njooni nalo. Mitungi ikiwa inajazwa kwa safu, wajazaji wa zamani hupitisha kiganja kwenye kila mmoja. Yote ina uvuguvugu, mmoja una ubaridi. Huo wa baridi haupokei gesi. Vali yake imefungwa au imeziba. Simamisha, angalia. Hilo ni zoea la dhahabu.

Lakini zoea jingine la zamani, lile la oksijeni, kabla ya kufunga regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha, unafungua vali kidogo, "pshh", kupuliza vumbi, nani halijui? Kwenye haidrojeni ni marufuku. Marufuku! Haidrojeni ikitoka kwa presha kubwa inaweza kuwaka yenyewe pale mdomoni mwa vali, hakuna kiberiti, hakuna sigara. Vumbi futa kwa kitambaa safi kikavu. Na hakuna grisi, hakuna utepe wa mafundi bomba kwenye nyuzi za vali. Nati ikivuja, kwanza funga vali, shusha presha, ndipo ukaze. Usikaze kitu chenye presha. Uvujaji unatafutwa kwa maji ya sabuni. Kuna mtu aliwahi kuniambia yeye hutumia njiti ya kiberiti, nikadhani anatania.

Cheche. Hapa naomba vijana wa nyuma wanisikilize. Ili mvuke wa petroli uwake unahitaji cheche ndogo. Haidrojeni inahitaji kama sehemu moja ya kumi ya hiyo. Cheche ambayo kidole chako hakiihisi kabisa inatosha. Umeme tuli, ule unaolia ukivua sweta la nailoni gizani, ni mwingi kupita kiasi.

Machi 16, 2016, Chuo Kikuu cha Hawaii. Mtafiti alikuwa akifanya kazi na tangi la lita 49 lenye mchanganyiko wa haidrojeni, oksijeni na kaboni dioksaidi. Presha haikuwa kubwa, kama baa 8 tu. Regyuleta zenu zinazidi hapo. Tangi likalipuka, mtafiti akapoteza mkono. Wachunguzi waliona kwamba kinachoelekea zaidi ni cheche ya umeme tuli. Tangi halikuwa na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, na geji iliyofungwa pale haikuwa ya kutumika kwenye gesi inayowaka. Lakini kinachoniuma mimi ni kingine. Siku moja kabla, chombo kidogo chenye mchanganyiko wa aina ileile kililia kwa ndani. Mlio ulisikika. Kesho yake kazi ikaendelea.

Sasa niwaulize: kwenu karakana ikilia kitu kidogo, mtu akapigwa na umeme mdogo kwenye spana, kijana wa mafunzo akasema "bosi, nimeona cheche", anajibiwaje? Anajibiwa "ni kawaida, endelea"? Hilo neno "kawaida", ndugu wasimamizi, ndilo ninalotaka mlitoe kinywani. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya 2003, inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na hakuna mazingira salama mahali ambapo aliyeona cheche anachekwa.

Kwa hiyo: waya wa ethi kwenye rafu ya kujazia, kwenye gari linaloshusha, kwenye kompresa, na upimwe. Nguo za pamba au zile maalumu zisizozaa umeme, hakuna nailoni. Simu zinabaki getini, hata ya mkurugenzi.

Mtu ataniambia, haya yote ni kwa wasiojua. Aa-aa. Juni 10, 2019, Sandvika, karibu na Oslo, Norway. Kituo cha kisasa cha kujazia magari haidrojeni kililipuka kwa kishindo. Hakuna aliyekufa; watu wawili waliumia kwa sababu wimbi la mlipuko lilifyatua mifuko ya hewa ya gari walilokuwamo. Chanzo? Boliti. Kizibo kimoja kwenye chombo cha presha kubwa, boliti zake za ndani hazikukazwa ipasavyo wakati wa kuunganisha. Gesi ilivuja kidogo kidogo, mwisho kizuizi kikachomoka. Hapakukosekana elimu pale, wala fedha. Na Gangneung niliyoitaja ilikuwa wiki tatu pungufu kabla ya hapo. Katikati yake, Juni 1, kule Santa Clara, California, lori la haidrojeni lilishika moto kwenye kituo cha kujazia. Ndani ya siku 18, mabara matatu. Kwa hiyo boliti zina kipimo cha kukazwa; spana ya kipimo itumike, mtu wa pili ahakikishe, atie alama ya rangi na saini. Mkono uliozoea si kipimo.

Madereva, sijawasahau. Januari 8, 2007, mtambo wa umeme wa Muskingum River, Ohio. Lori lilileta haidrojeni ya kupozea jenereta, kazi ya kila siku. Kisahani cha usalama, kile kinachopaswa kupasuka presha ikizidi, kikapasuka kabla ya wakati wake. Gesi ikatoka, ikawaka. Dereva akafa, watu 10 wakaumia. Maana yake kwako dereva: wakati wa kushusha, wasiohusika wakae mbali, na bomba la kutolea gesi ya dharura liangalie angani, lisiishie chini ya paa.

Njiani, mitungi isimame wima, imefungwa mnyororo, kofia za vali ziko juu, kwenye gari la wazi. Haipandi pamoja na oksijeni. Ghalani nako, oksijeni ikae mbali kwa mita 6, au pawe na ukuta usioshika moto katikati. Mtungi hauburuzwi, haubiringishwi kwa mguu, haunyanyuliwi kwa kofia yake. Tumia troli. Na gari likipata ajali, kazi yako ya kwanza ni kuzuia watu wasisogee. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, hamhitaji niwasimulie. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota, moto ukaua zaidi ya watu 100. Ile ilikuwa petroli, waliiona na kuisikia harufu, na bado walisogea. Hii hawataiona.

Nimalizie na moto wenyewe, halafu tutoke. Mtungi ukiwaka mdomoni na unaweza kufika kwenye vali ya mbali ukafunga gesi, funga. Huwezi? Usizime. Narudia: usizime. Ukizima moto huku gesi inatoka, gesi inaendelea kujikusanya, na ikishika tena haitakuwa moto, itakuwa mlipuko. Iache iwake, mwagia maji mitungi ya jirani ukiwa mbali na umejikinga, ondoa watu, piga 114. Waambie Zimamoto ni haidrojeni, litaje jina, msiseme "gesi" tu. Wakisikia gesi watadhani ni ya kupikia, nao wana mazoea yao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tutayachukua kule nje, kwa vitendo. Nimeomba mitungi miwili ya naitrojeni, troli, na nati za aina zote mbili. Kila mmoja atafunga na kufungua kwa mkono wake, halafu atanisomea mihuri ya begani kwa sauti. Waliopo zamu ya mchana watangulie, na simu ziachwe hapa mezani.